Malindi hadi Wundanyi kwa pikipiki mukiwa wawili: vile mutapanda milima ya Taita na kushuka salama

Sisi watu wa Malindi tumezaliwa tambarare. Toka Mambrui mpaka Watamu hakuna mlima wa kumfundisha mtu gia, unaingiza gia ya nne unaisahau huko mpaka ufike. Sasa mazoea hayo ukiyapeleka Wundanyi na mtu amekaa nyuma, zile kona za juu ya Mwatate zitakushangaza. Mie na mke wangu tumeenda mara tatu sasa. Mara ya kwanza tulirudi hatusemezani, mgongo wauma, mapaja yamechubuka, na kosa lilikua langu, manake nilitayarisha pikipiki wiki nzima nikajitayarisha na mie mwenyewe, yeye nikamwambia tu "kesho alfajiri twaondoka." Kwa hivo mwongozo huu naanzia kiti cha nyuma, na kila hatua ntakwambia yule wa nyuma afanye nini, sio wewe tu mshika usukani.

Hatua ya 1: chagua njia na msimu

Wengi huuliza mbona tusikate kwa Sala geti, tupite ndani kwa ndani tutokee Voi, kwenye ramani yaonekana fupi. Haiwezekani, pikipiki haziruhusiwi kuingia Tsavo East, ni mbuga ya simba na ndovu ile, usiende ukarudishwa getini na petroli umeshachoma. Njia yetu ni hii: Malindi, Kilifi, unavuka daraja, ukifika Mavueni unakata kulia unaingia barabara ya Kaloleni mpaka Mariakani, hapo unashika barabara kuu ya Nairobi mpaka Voi, Voi unakata kushoto njia ya Taveta mpaka Mwatate, Mwatate ndo unaanza kupanda Wundanyi. Yote yaja kama kilomita 280 hivi. Waweza kupitia Mombasa pia lakini sikushauri, ile foleni ya kutoka mjini mpaka Mazeras na malori yote yale inamchosha abiria kabla safari haijaanza. Alafu ile ya Kaloleni ina vilima na vikona vya kupishana na minazi, ni mazoezi mazuri kabla ya mlima wenyewe.

Msimu: masika, yaani Machi mpaka Mei, wacha. Vuli pia, Oktoba mpaka Disemba, huko juu ukungu na matope yanashinda. Januari na Februari ndo tamu, anga iko wazi. Julai na Agosti ni kukavu kiasi lakini baridi, na asubuhi ukungu waweza kukaa mpaka saa nne.

Hatua ya 2: mtayarishe anayekaa nyuma

Hapa naomba usiruke. Kwetu pwani mwanamke akipanda boda anakaa upande, miguu yote kushoto, buibui limeteremka, na kwa safari ya toka sokoni mpaka nyumbani watu wameshazoea. Mlimani usithubutu. Mtu aliyekaa upande hana pa kubana, ukilala kona ya kulia yeye uzito wake wote uko kushoto, pikipiki inakataa kugeuka, na ukibana breki ghafla hana cha kumzuia. Akae kama dereva anavyokaa, mguu huku na mguu huku, nyayo zote mbili juu ya vikanyagio vyake, na asizitoe hata mukisimama mpaka umwambie.

Nguo sasa. Buibui, dera, leso, kanga, mtandio mrefu, hata shuka la kikoi ukilifunga kiunoni, kitambaa chochote kinachopepea ni hatari karibu na chaini na spoku za gurudumu la nyuma. Kinaingia mara moja, kinavuta, na kinamvuta mtu na yeye. Mke wangu havui stara yake na sikumwambia avue, tulichofanya ni suruali nzito ndani, juu yake buibui fupi la kufika magotini lililoshonwa kama koti, mtandio umefungwa ndani ya jaketi, na helmeti juu. Alishonewa hapa hapa mjini na fundi cherehani, siku moja tu. Kiatu kiwe cha kufunika kifundo cha mguu, sio ndara, ekzosti iko pale pale karibu na ndani ya mguu wake wa kulia, na ile alama ya kuungua hua haitoki.

Alafu mufanye mazoezi. Wiki mbili kabla, kila jioni, mpakie umpeleke mpaka Mambrui na kurudi, uende mpaka Gede, na umfundishe mambo matatu. La kwanza, kwenye kona atizame juu ya bega lako la upande munaogeukia, kona ya kulia bega la kulia, ya kushoto bega la kushoto. Hilo peke yake linafanya mwili wake ulale sawa na wako bila yeye kufikiria. Abiria mwenye hofu hufanya kinyume, pikipiki ikilala yeye anajiinua, na hapo wewe waona kama usukani umeshikwa na jini. La pili, mkianza kupanda ajisogeze mbele akushike kiuno, mkishuka mkono mmoja ashike kerea ya nyuma, kile chuma cha kubebea mizigo, asije akakuteremkia mgongoni. La tatu, lugha ya kugonga. Helmeti na upepo hamusikizani, kwa hivo sisi tuna zetu: akinigonga bega mara moja ni punguza mwendo, mara mbili simama panapofaa, akinibana mbavu na mikono yote ni simama sasa hivi. Mara ya pili tulipoenda alinigonga mara mbili karibu na Taru, nikasimama, kumbe alikua ameona mkanda wa mfuko umelegea umekaribia gurudumu. Mie nisingeuona.

Uzito pia semeni bila haya. Ukibeba mtu wa kilo 60 au 70 nyuma, uzito unaenda gurudumu la nyuma, la mbele linakua jepesi, na pikipiki inahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Sheria ya Kenya ni abiria mmoja tu, na nyote wawili helmeti na jaketi la rifleta. Yake isiwe ile ya boda iliyolegea inazunguka kichwani, mnunulie yenye saizi yake.

Hatua ya 3: pikipiki

Yangu ni Boxer 150, tanki la lita 11, na tukiwa wawili lita moja yanipeleka kilomita 40 hivi. Sio pikipiki kubwa lakini yatosha kabisa, wa Taita wenyewe wanapanda na hizo hizo wamebeba magunia ya kabichi. Cha muhimu ni hali yake. Peleka kwa fundi siku tano kabla, sio usiku wa kuamkia safari, ili akikosea uwe na muda wa kurudi. Mie niliwahi kufungiwa tairi la nyuma usiku wa mwisho, na asubuhi tulipofika Kilifi nati ya ekseli imeshalegea, alhamdulillahi niliisikia mapema.

Tizama breki kwanza, breki shuu za nyuma zikiwa zimekwisha nusu badilisha, usiseme zitafika. Tairi zenye meno. Upepo wa tairi ongeza la nyuma kulingana na kile kibandiko kilicho kwenye pikipiki, kuna nambari ya mtu mmoja na nambari ya watu wawili, na watu wengi hawajawahi kuisoma hio ya pili. Chaini icheze sentimita mbili mpaka tatu, na uipime abiria akiwa amekaa, ukiikaza pikipiki ikiwa tupu atakapokaa itajikaza zaidi. Shoki za nyuma zina ringi ya kukaza springi, ipandishe daraja moja au mbili, la sivo kila shimo litamfika uti wa mgongo. Oili mpya, plagi safi, taa zote.

Na fundi akikwambia afungue kabureta aiseti kwa ajili ya mlima, mwambie aiwache. Ni kweli huko juu hewa ni nyepesi na injini inapoteza nguvu, hua kama asilimia moja kila mita 100 unazopanda, kwa hivo Wundanyi kwenye mita 1,400 hivi utahisi imechoka kidogo. Lakini ni siku mbili tatu tu, ukiichezea utashuka nayo Voi ikiwa inachoma vibaya.

Hatua ya 4: mizigo

Kidogo. Kizito kikae chini na katikati, sio juu ya kerea nyuma ya mgongo wa abiria, kikikaa kule kinanyanyua gurudumu la mbele kwenye mlima. Sisi tuna mifuko miwili ya pembeni, kamba za mpira, na ncha zote za kamba zimefungwa ndani. Beba tyubu moja, pampu ndogo, spana, waya wa klachi, tochi, maji, panadol, pesa kidogo mkononi kando na ya M-Pesa. Na nguo za baridi! Watu wa Malindi hatuna sweta majumbani. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama digrii 6, na ukiongeza upepo wa pikipiki meno yatagongana. Wa nyuma ndo huhisi zaidi kwa sababu yeye hafanyi kazi yoyote ya kumpa joto. Glavu mbili mbili, hata zile za sufi za bei rahisi.

Hatua ya 5: Malindi mpaka Voi

Swalini alfajiri mutoke. Saa kumi na mbili na nusu muwe mushapita Gede, saa mbili muwe Mavueni mushakunywa chai na mahamri Kilifi, na kabla jua halijakua kali muwe Mariakani. Jaza petroli.

Toka Mariakani ni barabara ya malori, na hapa ndo penye hatari kushinda mlimani kwa maoni yangu. Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, kote ni nyika kavu na upepo wa pembeni. Trela ikija mbele yako kuna upepo unakusukuma halafu mara hio hio upepo unakuvuta, usikaze mikono, bana tanki kwa magoti, shika usukani kwa ulaini, na abiria ajilaze karibu na mgongo wako musiwe na nafasi katikati. Ukiona lori linapita jenzake linakuja upande wako usisubiri haki yako, shuka kwa bega la barabara mapema huku umepunguza. Kila dakika 50 au saa moja simama, hata kama hujachoka wewe.

Mackinnon Road simameni zaidi. Pale kando ya barabara pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, fundi wa reli toka Bara Hindi enzi zile reli ya Uganda inajengwa, reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896. Wanahadithia kua karai lake la mchanga na simiti lilikua likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa malori mpaka leo husimama kuomba dua kabla ya kuendelea, na mna maji ya udhu, kivuli, pa kunyoosha mgongo. Mke wangu hua ataka tukae pale hata nusu saa na mie sasa sina haraka.

Baada ya Maungu anzeni kutizama ndovu. Sio mchezo, hua wanavuka barabara kati ya Tsavo East na West, na toka Voi kwenda Mwatate pia. Ukiwaona simama mbali, mita 100 au zaidi, usipige honi, usizime injini, usimwambie abiria ashuke apige picha, ngojeni wapite wote, na hua kuna mmoja wa mwisho amebaki kichakani. Kwa ajili yao peke yao sitembei njia hio baada ya saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 6: kupanda

Voi jaza tanki, kuleni chakula chepesi, mupumzike saa nzima. Mpaka Mwatate ni kama kilomita 25 za raha, mlima wa Sagalla umewacha nyuma, mbele Taita yenyewe imesimama kama ukuta wa buluu. Mwatate simama vaeni majaketi pale pale, hata kama munatokwa jasho, manake kwenye kona pa kusimama ni pachache.

Sasa kona. Ni lami, nzuri, lakini nyembamba na zinajikunja kama nyoka, upande mmoja jabali upande mmoja bonde. Shuka gia kabla ya kona, sio ndani ya kona. Hili ndo kosa la watu wa tambarare, anaingia na gia ya nne, injini inakufa nguvu katikati, anabana klachi kubadilisha, pikipiki inaanza kurudi nyuma na mtu yuko juu. Tumia gia ya pili, na pale pakali zaidi tia gia ya kwanza, na sauti ya injini iwe inaimba sio kukohoa. Macho yatizame pale unapotaka kutokea, mwisho wa kona, sio ukingo wa bonde, usukani hufuata macho. Kaa kushoto kwako kabisa na piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, matatu za Wundanyi wanaijua njia kama chumba chao na wengine hukata kona kwa upande wako. Na usipite gari mlimani ukiwa na abiria, hio nguvu haipo.

Injini ikipata joto sana utasikia imekua nzito na harufu ya moto, tafuteni sehemu pana musimame dakika 15. Wala sio hasara, ukigeuka hapo waiona nyika yote chini mpaka macho yachoke, mashamba ya mkonge ya Mwatate yamepangwa mistari. Mke wangu alilia mara ya kwanza kuiona, akasema hakujua Kenya iko juu hivi.

Hatua ya 7: mukiwa juu

Lala Wundanyi, kuna gesti za bei ya kawaida, uliza mahali pa kuweka pikipiki ndani ya geti. Kula kimanga, ni mihogo au ndizi au viazi vitamu vimepondwa na maharagwe, na baridi ile hutaamini umemaliza sahani. Siku ya pili wacheni mizigo gesti, pandeni wepesi mpaka Werugha na msitu wa Ngangao, msitu mdogo wa zamani wenye ndege ambao hawapatikani popote duniani ila milima hii ya Taita. Ukiwa na moyo nenda Vuria, ndo kilele, mita 2,208, lakini mwisho wake ni mkali, na kama kumenyesha mwambie mwenzio ashuke atembee kidogo, au wachaneni nao. Sisi mara ya tatu tulitembea kwa miguu hio sehemu ya mwisho asubuhi mapema, na Kilimanjaro ilionekana.

Jambo la adabu: kuna mapango ambayo Wataita waliweka mafuvu ya wazee wao. Usiende peke yako na usiguse, uliza mwenyeji akupeleke, na akisema hapana ni hapana.

Hatua ya 8: kushuka

Kushuka ni kugumu kushinda kupanda, na ndo watu huumia. Boda wengi wakiona mteremko wanaweka fri, yaani gia tupu, au wanazima injini kabisa kubana petroli. Mie nilifanya hivo mara ya kwanza. Kona ya tano hivi breki ya mguu ikaanza kua laini, nakanyaga haishiki, harufu ya kuungua imejaa, nikaisimamisha kwa kuiegemeza kwenye ukingo wa majani upande wa jabali. Hatukuumia. Lakini mke wangu alishuka akakaa chini hakuongea mpaka mie nikaomba radhi, halafu akaniambia, "Baba watoto, wewe una usukani wa kushika, mie nina wewe tu." Toka siku hio sijawahi kuweka fri kwenye mteremko.

Kwa hivo: gia uliyopandia ndo uishukie. Kama kona ulipanda na ya pili, shuka na ya pili, wacha eksileta, injini yenyewe itaizuia pikipiki. Breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, bana kabla ya kona pikipiki ikiwa imenyooka, uwachie, bana tena, usizing'ang'anie mfululizo manake zikipata moto hazishiki. Ukihisi zimelegea simama dakika 20, usimwage maji juu, chuma cha moto kikipata maji ya baridi chaweza kupasuka. Abiria mkono nyuma kwenye kerea, magoti yakubane nyonga, asikuegemee. Na asubuhi lami hua ina umande na majani, ngojeni jua liipige kwanza, hata kama ni saa nne.

Hatua ya 9: kurudi

Musirudi siku hio hio ya kushuka kama mumechoka, laleni Voi. Toka Voi muwe barabarani saa moja asubuhi, njia ni ile ile. Mukifika Kaloleni utasikia joto la pwani na harufu ya chumvi bado haipo lakini waijua iko karibu.

Nyumbani, kabla ya kuosha pikipiki, kaa na mwenzio muulize wapi paliuma: kiti, vikanyagio, helmeti, glavu. Wangu aliniambia kiti kimekwisha sponji upande wa nyuma, nikakipeleka kwa fundi wa makochi akatia sponji ngumu mpya na ngozi. Chaini ioshe na mafuta ya taa uipake oili, kaza nati zote, na zile breki shuu zifunguliwe zitizamwe tena, hata kama zaonekana ziko sawa.